Vitunguu Saumu Vilivyolala Mochwari

Nyumbani, 6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote, na kabla hujaendelea kusoma niambie: hujambo? Kile kikohozi ulichoniandikia mwaka jana kimekwisha, au umekizoea tu? Nakujua wewe. Jambo likikaa nawe mwezi mzima unalitafutia chumba.

Sisi hatujambo, Mungu ametushika. Cherehani ya shemeji yako imeanza kuruka mishono. Yeye anasema ni uzi, mimi nasema ni macho yake, mwisho tumekubaliana kumsingizia shetani tukalala kwa amani. Shangazi yupo. Magoti yanamtesa, kuta zote za nyumba zina alama ya kiganja chake, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote.

Sasa nikwambie la shamba. Unakumbuka nilikuandikia tumeanza kulima vitunguu saumu kwenye shamba la Baba, kwa kilimo hai, yaani bila mbolea ya mfuko wala dawa ya kupulizia, kwa sababu Baba naye hakuruhusu sumu iguse udongo ule, na kuna mama mnunuzi anayevitaka vya namna hiyo tu. Mdogo wangu, tulibeba samadi mpaka mbuzi wakatuonea huruma. Tukatandaza nyasi kavu juu ya matuta kama tunatandika vitanda vya wageni. Majani yakatoka, marefu, ya kupendeza, wapita njia wakawa wanasimama kuyaamkia. Siku ya kung'oa, chini ya kila jani tukakuta kitu kimoja kidogo cha mviringo, hakina punje hata moja ndani. Shemeji yako alikigeuza-geuza mkononi akasema kingefaa kushonwa kwenye koti.

Shangazi, na wewe unajua nusu ya shamba lile ni yake, akatutazama akasema, "Nimevumilia majani mwaka mzima. Mbuzi wangeridhika. Mimi si mbuzi." Akasema msimu huu nao ukitoa majani, shamba atampa mfyatua matofali. Yule bwana tayari anapita hapa kila mara, anauchukua udongo wa Baba anausugua kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa. Akishaanza kazi, tutabaki na shimo la kufugia vyura.

Bwana shamba alikuja akatuambia kosa si letu wala si la udongo. Kitunguu saumu, anasema, lazima kionje baridi kabla ya kupandwa, wiki saba au nane, bila kuganda, ndipo kinajua wakati umefika wa kugawanyika punje. Huku kwetu ni joto, basi hakijui chochote, kinaishi tu. Nani huku ana friji ya kuingia gunia? Muuza nyama alikataa, alisema nyama yake itaanza kunuka mboga. Muuza soda naye, friji yake huwa anaizima akifunga duka.

Nikasali. Na kila nikisali nakuona wewe. Sijawahi kuitaja kazi yako katika barua, nawe hujawahi kunitajia, lakini kule mochwari baridi ipo, sivyo?

Sijasahau siku tuliyomzika Baba. Ulimwosha na kumvika mpaka akaonekana kama anayekwenda kuposa. Kisha ukanawa, ukawapakulia watu chakula, na Shangazi akaimwaga sahani yake mbele ya wote, akasema mikono inayowahudumia wafu haipakulii walio hai. Uliondoka watu wakiwa bado wanatafuna. Hujarudi tangu hapo. Sikulaumu. Nakuuliza tu kama gunia linaweza kuja, na kama wewe utakuja wakati wa kuvuna.

Shangazi hajui kuwa nimekuandikia.

Dada yako


Mjini, 19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kikohozi kimehamia kwa jirani. Msalimie Shemeji, mwambie shetani hachezei uzi, apime macho.

Gunia ulilolituma bila hata kungoja jibu langu lilifika salama, maagizo yako yakiwa ndani. Dereva wa basi alikuwa amelifunga juu ya paa, na nilivyoelezwa abiria waliomba litolewe hata huko. Nikalipeleka kazini begani. Mkuu wangu tunamwita Digrii, maana hutembea na kipimajoto mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza vizuri, akasema hana shida, ila humu ndani hakilali kitu bila kibandiko. Nikamwambia, mzee, hivi ni vitunguu saumu. Akasema, "Hata angekuwa mfalme."

Basi nikaandika kibandiko. Jina: Saumu. Ndugu wa karibu: Dada. Kilichomleta: joto. Digrii akakisoma polepole, akanirudishia nikifunge kwenye kona ya gunia, pale ambapo pangekuwa kidole cha mguu.

Usiwe na wasiwasi kuhusu mahali. Nimelilaza kwenye droo ya juu kabisa, ambayo tangu iwekwe haijatumika, kwa kuwa hakuna anayeweza kumnyanyua mtu mzima mpaka kule. Saumu ndiye wa kwanza. Niliipangusa kwa maji ya moto na majivu, bila sabuni ya kiwandani, kama ulivyoagiza. Zile dawa kali tunazotumia kazini zina chumba chao, milango miwili kutoka hapo. Digrii aliniuliza majivu ya nini. Nikamwambia ni kilimo hai. Akatazama droo zote, moja baada ya nyingine, akasema neno hilo ni geni humu.

Sasa kila asubuhi anaifungua droo ile apime baridi, na juzi nimemsikia akiisalimia. Wauguzi ambao hawajawahi kupita upande wetu wanakuja kuona. Mmoja alicheka mpaka akanipa mkono. Alipokumbuka ni mkono wa nani, akaupangusa kwenye koti lake, taratibu, ili nisione.

Kuhusu kuja, ratiba ya likizo bado haijatoka.

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zako zilitufikia, Mungu akubariki. Shemeji yako alipima macho. Ilikuwa macho. Sasa ana miwani na anajuta, anasema hakujua nguo alizoshona miaka yote hii zilikuwa hivyo.

Gunia lilirudi mwezi wa nne, baridi bado imo ndani, na kila punje ina ncha ya kijani inayochungulia. Kibandiko nilikivua nikakichoma jikoni kwa heshima zote. Tulipanda siku hiyohiyo, ncha juu, shimo moja punje moja. Shangazi alikaa kwenye kigoda kando ya tuta akaniuliza mbegu ililala wapi. Mdogo wangu, mimi uongo sisemi. Nikamwambia ililala mahali penye baridi na utulivu, ambapo hakuna anayemsumbua mwenzake. Akavuta pumzi akasema hata yeye angependa kulala mahali kama hapo. Nikaendelea kupanda.

Sikusema uongo, ila ukweli nimeukunja kama shuka, upande wenye doa ndani. Kila nikipiga magoti kusali naliona doa lile.

Na ungemwona Shangazi sasa. Yeye aliyekuwa akitucheka ndiye amekuwa askari wa kilimo hai. Bwana shamba alifukuzwa getini kwa sababu viatu vyake vimetoka kukanyaga mashamba yaliyopuliziwa. Alitoa ushauri wake akiwa ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kuhubiri, mpaka jirani akadhani kuna mkutano. Safari ya pili alikuja pekupeku. Vidukari walipoanza kufyonza majani, Shangazi alichemsha pilipili na majivu akampa shemeji yako apulizie, naye kwa miwani yake mipya akasimama upande ambao upepo unakwenda. Alilia mchana kutwa. Mteja aliyekuja kujaribu suruali alimpa pole ya msiba, akaondoka bila kuijaribu.

Lakini kubwa ni hili. Shangazi anachuma majani machanga anayala. Kila mlo. Anatafuna hata akiwa anaongea. Anasema yameingia kwenye magoti, na kweli, wiki iliyopita alitembea mpaka bombani bila fimbo na bila kushika ukuta. Anawaambia watu wote ni mbegu ile, ililelewa vizuri.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nikatulia, sijui nilikuwa nacheka au nalia.

Utakuja? Ratiba imetoka?

Dada yako


Mjini, 11 Julai

Dada,

Shikamoo, na Shemeji mpe pole ya macho.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye kiti cha mapokezi, nikacheka peke yangu, na jamaa waliokuja kumchukua ndugu yao wakanitazama vibaya. Nikawaomba radhi.

Usimwambie Shangazi. Mwache ale. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya magoti.

Droo ya juu iko tupu. Digrii bado anaifungua asubuhi, anasimama kidogo, anaifunga. Nimemuuliza anatafuta nini, akasema anapima.

Ratiba imetoka lakini ina marekebisho.

Mdogo wako


Nyumbani, 3 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu, natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima. Shemeji yako anakusalimu pia. Barua hii ni ndefu kidogo, tafuta mahali ukae.

Mkaguzi wa kilimo hai alikuja. Bila yeye kuridhika, yule mama mnunuzi hanunui hata punje. Ni bwana mmoja nadhifu, kalamu zimejipanga mfukoni. Shangazi alimwosha viatu getini kwa mikono yake mwenyewe, akamuuliza nguo zake zimefuliwa kwa sabuni gani. Akakagua udongo, samadi, maji, akauliza majirani wanapulizia nini. Yote yakaenda vizuri. Kisha akauliza mbegu ilitoka wapi, ilihifadhiwa wapi, na nani.

Shangazi akanijibia. Alikuwa anatafuna jani. Akasema, "Ilikaa kwenye baridi, kwa watu watulivu."

Mkaguzi akauliza watu gani.

Mdogo wangu, ningeweza kusema kwa rafiki. Ningeweza kujifanya nimeitwa jikoni. Lakini yule bwana alikuwa amenikazia macho, na mimi nikaona nikiukunja ukweli mara nyingine tena utachanika. Nikasema, "Mochwari. Kwa mdogo wangu."

Mkaguzi akatafuta kwenye karatasi yake mahali pa kutia alama. Palikuwa na ghala, kibanda, jokofu. Akarudi mwanzo wa karatasi akatafuta tena. Mimi nikaona nisikuache peke yako pale, nikamweleza yote: droo mpya, majivu, milango miwili mpaka kwenye dawa kali. Nikakusifu mbele yao wote, nikasema hakuna ghala la mkulima yeyote lililo safi kama chumba chako. Akauliza waliokuwa droo za chini ni akina nani. Nikamwambia ni watu tu. Akauliza kama walipuliziwa dawa. Shemeji yako akasema, "Kama walipuliziwa haikuwasaidia."

Mkaguzi akatia alama kwenye jokofu. Akasema tutapata jibu.

Ndipo nikamtazama Shangazi. Lile jani lilikuwa bado mdomoni, nusu ndani nusu nje. Hakulimeza, hakulitema. Akainuka kwenye kigoda, akaondoka nalo hivyohivyo mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hajagusa jani. Shambani haji. Magoti yamerudia hali yake, ameanza tena kuambaa na kuta. Mchungaji alikuja kumsalimu, wakakaa muda mrefu, mchungaji alipotoka nikataka kujua Shangazi amemwambia nini. Akasema Shangazi amemuuliza kama mtu aliyekwisha kula anaweza kuambiwa hajala. Mchungaji alimwahidi kwenda kulifikiria, na mpaka leo analifikiria.

Mfyatua matofali anapita, anasugua udongo. Shangazi hamwiti, lakini hamfukuzi pia. Sijui kama nimeliokoa shamba au nimelizika. Na wewe sijui nimekutetea au nimekuharibia. Usiniache bila jibu.

Dada yako


Mjini, 17 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, nikianza kujibu nakumbuka kazi.

Hukuniharibia. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kunisifia chumba changu, na wewe umekisifia mbele ya mkaguzi.

Mwambie Shangazi kwamba kila nilipolishika lile gunia nilinawa kwanza. Au usimwambie. Nilinawa hata siku ile ya Baba, na aliniona nikinawa.

Kuvuna sitakuja. Nilikuwa namwelezea Digrii habari ya ratiba, nikijizoeza namna ya kukuandikia, akaniacha nikamaliza, kisha akanikumbusha kuwa ratiba anaipanga yeye. Anasema nina likizo ambazo sijazigusa, zimerundikana mpaka zinamwaibisha. Nikamwambia nina watu wanaonihitaji hapa. Akatazama droo, akaniambia hawa hawana haraka.

Sijui nikwambie nini zaidi. Mvune vizuri.

Mdogo wako


Nyumbani, 4 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Unakula? Nimeona barua yako ni fupi, nikajua hulali vizuri. Huku wote tu wazima, na wote tunanuka, kwa kuwa tumevuna. Kanisani benchi letu tumeachiwa peke yetu, na la mbele yetu, na la nyuma yetu. Shemeji yako anasema hajawahi kunyoosha miguu vizuri hivi kwenye ibada.

Siku ya kung'oa nilitoka alfajiri na hofu yangu. Nikamkuta Shangazi tayari yuko shambani, ameshika nguzo ya ua. Sikumuuliza kitu. Akasema ang'oe wa kwanza. Akainama kwa shida, akashika shina, akavuta, na udongo ukatoa kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Akakipangusa kwenye nguo yake. Akakivunja. Punje, mdogo wangu, zimekaa zimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Sisi wote tukasimama kumwangalia. Akamenya punje moja, mbichi, akaitia mdomoni, akaitafuna yote mpaka ikaisha, machozi yakimtiririka. Alipoweza kusema, akasema ni kali.

Mfyatua matofali alikuwa amesimama njiani. Shangazi akamwambia atafute udongo mwingine, huu una kazi. Jibu la mkaguzi nalo limekuja, tumekubaliwa, yule mama atachukua vyote.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie leo. Jana Shangazi alikaa sebuleni akachagua vichwa vikubwa vya mbegu ya msimu ujao. Hakutaka msaada. Akavijaza kwenye gunia, akaomba sindano kubwa ya shemeji yako, akashona mdomo wa gunia mwenyewe, kwa mishono mibaya sana ambayo shemeji yako aliitazama kwa miwani yake, kisha akaivua. Nikamwambia nitalipeleka kwa dereva wa basi. Akasema, "Haliendi kwa dereva. Aje alichukue mwenye baridi yake."

Nikamwambia kwamba, kwa ninavyokujua wewe, utaniuliza utakula wapi ukifika. Hakunitazama. Alikuwa anakata uzi kwa meno. Nikasubiri, maana nilitaka alitamke neno lenyewe la kuomba radhi, na nilikuwa tayari kusubiri mpaka giza.

Neno lile hakulitamka, na mimi sitakudanganya kuwa alilitamka. Alisema, "Atapakua yeye. Aanze na sahani yangu. Na asijaze sana, mimi sipendi mtu anayejaza."

Kisha akaomba ashikwe mkono ainuke.

Gunia lipo mlangoni. Kila anayeingia anajikwaa, nyumba nzima inanuka, na nikitaka kulisogeza Shangazi anauliza limemkosea nani. Anakaa kigodani akilitazama kama linamchelewesha.

Mpe Digrii salamu zetu, mwambie tunamshukuru kwa malezi. Na wewe usiniandikie habari ya ratiba. Niandikie siku ya kufika tu, nami nitajua cha kupika. Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako